Muhuri wa Machi

Kabla ya Machi, Ulderico alijithibitisha mara tisa.
Benki ilitaka pasipoti, mbele na nyuma.
Soko la sarafu likataka pasipoti, na uso.
Kampuni ya vifurushi: uso, na bili ya umeme,
na ile bili ina jina langu, si lake,
tukagombana hadi supu ikapoa.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
sisi kwa benki hii tulikuwa wageni mwaka wa ishirini
na jembe hatukupewa.
"Miaka arobaini na mitano natengeneza kodiani,"
aliiambia simu, kana kwamba simu huona haya,
"hadi Finlandi wanaujua mkono wangu,
wewe uliyelala mfukoni mwangu hunijui?"

Jumapili akaja Tobia, mjukuu, kutoka Ancona,
akamkalisha dirishani penye mwanga.
Geuka kushoto. Geuka kulia. Tabasamu.
Akatoa lile tabasamu lake la kuuzia,
meno yote, na lile la dhahabu.
Mara moja tu, Babu, Tobia alisema.
Muhuri utakaa humu, kwenye simu yako;
alama yake tu ndiyo imechongwa kwenye blokcheni,
daftari ambalo kalamu yake haina mwenyewe mmoja.
Kila mlango utakaobisha, onyesha muhuri,
pasipoti ibaki kabatini.
Wakiuliza kama wewe ni mtu mzima wataambiwa ndiyo,
umri hawataambiwa.
"Umri wangu hata mke wangu haujui," akasema.
Uongo mtupu. Keki zote nilioka mimi.

Aprili na Mei milango ilifunguka.
Mtu wa Rosario alilipia kodiani nyekundu
kabla kahawa haijachemka.

Juni, tarehe kumi na moja,
ulimi wa chuma ukiwa bado kibanioni,
upande wa kushoto wa uso wake uliteremka
kama pazia lililokatika kamba.

Kiharusi, walisema. Akalala hospitali wiki tatu.
Alirudi na mkono unaotii ukitaka
na tabasamu linaloishia njiani.
Muuza mikate alimsemesha polepole, kwa sauti kubwa,
kama watalii wa Agosti.
Kioo cha bafuni akakigeuza, kikatazama ukuta.

Simu peke yake haikupata habari.
Mnada wa Tampere ukauliza: ni yeye?
Muhuri ukajibu: ni yeye.
Muuza ngozi za mivukuto akauliza.
Ni yeye.
Bila kusita, bila kuinamisha kichwa kwa huruma,
asubuhi, adhuhuri, saa nane za usiku,
ni yeye.
Nilimfuma akifungua maduka ya mbegu, ya viatu vya mlimani,
ya tikiti za meli,
hanunui kitu.
Alitaka kuulizwa tu.

Sikusema neno. Ningesema nini?
Mimi niliyelala ubavuni mwake miaka yote hiyo,
asubuhi ya kwanza pale hospitali
nilisoma kwanza jina kwenye kitambaa cha kifundo chake,
kisha ndipo nikambusu.
Hilo hakuna daftari lililoliandika.

Muhuri una mwaka mmoja. Machi imerudi.
Tobia anasema mashine ikikataa
yupo binadamu mahali fulani, atamtazama,
tusiwe na wasiwasi.
Wiki nzima nimesikia bafuni, mlango umefungwa:
kushoto. Kulia.
Kimya kirefu.
Leo nimeingia kufua taulo, nikakuta kioo
kimegeuzwa, kinatazama chumba.

Mchana akaniita. Nives, nishikie, mkono unatetemeka.
Nikashika simu usawa wa macho yake.
Geuka kushoto, akageuka.
Geuka kulia.
Tabasamu.
Akatoa alilo nalo. Dhahabu ilionekana, kidogo.
Kiduara kikaanza kuzunguka.
Kinazunguka.
Supu iko mezani, inapoa,
na hakuna anayegombana.